Yehova Yire: Maswali Yenu na Majibu

Jina Yehova Yire tunaliona kwenye daladala na vibao vya maduka. Maana yake hasa ni nini? (Msomaji, Morogoro)

Wengi tumelizoea kama "Bwana atanipa", na si kosa. Ila kitenzi kilichomo kwa Kiebrania kwanza ni "kuona": Bwana ataona, atalishughulikia. Linapatikana mara moja tu katika Biblia nzima, Mwanzo 22:14, na Ibrahimu alilitoa kama jina la mahali.

Someni sura hiyo polepole. Ibrahimu ameagizwa na Mungu amtoe mwanawe Isaka awe sadaka katika nchi ya Moria, nao wametembea hadi siku ya tatu. Kijana kabebeshwa kuni, baba ameshika moto na kisu. Isaka anauliza: moto upo, kuni zipo, mwana-kondoo yuko wapi? Baba anajibu, "Mungu atajipatia mwana-kondoo". Jibu hilo, mstari wa 8, lina kitenzi kilekile cha jina la mlima. Alilitamka kabla hajaona lolote, mwanawe akiwa ubavuni. Kondoo dume aliyenaswa pembe kichakani alikuja kuonekana baadaye. Mimi mstari huo wa 8 hunigusa kuliko ule wa 14.

Tuseme Yehova au Yahwe? (Msomaji, Nakuru)

Kwa Kiebrania jina hilo lina konsonanti nne tu: YHWH. Wayahudi kwa heshima waliacha kulitamka, wakawa wanasoma "Adonai", yaani Bwana, na wanakili wakaziwekea herufi hizo irabu za Adonai. Kuzisoma pamoja ndiko kulikoleta "Yehova". "Yahwe" ni matamshi ambayo wataalamu wengi wanaona yanakaribia ya asili. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952 huandika BWANA kwa herufi kubwa, ile ya Habari Njema huandika Mwenyezi-Mungu, na mwaka 2008 Vatikani iliagiza "Yahwe" lisitumike katika liturujia. Tumia lile ambalo kanisa lako limekufundisha, na usimdharau jirani anayesema jingine.

Mhubiri alituambia tukimtolea Yehova Yire "mbegu", lazima atujibu kwa nyumba au gari. Nilitoa mpaka ada ya mtoto. Sijaona kitu. Je, imani yangu ni haba? (Mama, Dar es Salaam)

Pole sana, mama. Tatizo si imani yako. Ibrahimu hakupanda Moria kutafuta mali. Mwanzo 13:2 inasema alikuwa tayari tajiri wa mifugo, fedha na dhahabu. Na yule kondoo hakurudi naye nyumbani, aliteketezwa palepale badala ya Isaka. Kulifanya jina hili kuwa hati ya kumdai Mungu gari ni kuwaumiza maskini kwa Maandiko yao wenyewe, na jambo hilo linaniuma.

Mahitaji tuyaombe, Yesu mwenyewe alitufundisha kuomba riziki ya kila siku. Lakini Paulo aliyeandika kwamba Mungu atawajaza Wafilipi kila wanachokihitaji (4:19) aliandika akiwa kifungoni, na mistari michache juu yake anasema amezoea kushiba na kuona njaa. Usitoe tena. Nenda shuleni ukaombe kulipa ada kidogo kidogo, na umweleze mzee wa kanisa unayemwamini. Kusaidiana ni wajibu wa kanisa.

Kuna mwanamke aliyemwita Mungu kwa jina la namna hii? (Msomaji, Bujumbura)

Yupo, na alimtangulia Ibrahimu wa Moria! Hajiri, kijakazi Mmisri, mjamzito, alikimbia mateso ya Sarai, mke wa Ibrahimu, akafika penye chemchemi jangwani, njia ya Shuri. Malaika akamwita kwa jina lake, akamwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Ndipo akamwita Mungu El-Roi, Mungu anionaye (Mwanzo 16:13), kwa kitenzi kilekile cha kuona. Mtumwa wa kigeni asiye na mtetezi ndiye aliyesema hivyo. Dada zetu wanaofanya kazi kwenye nyumba za watu, huko Ghuba na hapa kwetu, wahubiriwe sura hii mara nyingi zaidi.

Nafundisha Shule ya Jumapili. Je, Moria ndiyo Golgotha, aliposulubiwa Yesu? (Msomaji, Iringa)

Biblia haisemi hivyo. 2 Nyakati 3:1 inasema Sulemani alijenga hekalu juu ya mlima Moria, Yerusalemu. Kinachoziunganisha simulizi hizi mbili ni Warumi 8:32, Mungu asiyemwachilia Mwana wake mwenyewe. Wafundishe watoto mstari huo, ramani waachie.