Wanaobisha hodi kila asubuhi

Dada, pole na hongera kwa kazi. Umesema tangu ufike misheni karibu na Songea kutoka Ujerumani, kila asubuhi watu wanabisha hodi wakiomba ada au nauli, nawe ukikataa hulali. Nimefanya kazi parokiani, nayajua hayo.

Mpe mgeni kiti, msalimiane mpaka habari za nyumbani ziishe. Kuharakishwa kunaumiza kuliko kunyimwa. Ila pesa usitoe mlangoni. Mpeleke kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, yaani kikundi cha waumini majirani wanaosali pamoja; ndiye anayezijua kaya. Ada ilipwe benki kwenye akaunti ya shule, stakabadhi ubaki nayo. Mgonjwa hangoji kikao: zahanati mara moja. Nawe ukipata homa, pima malaria siku hiyohiyo. Usingizi ukizidi kukosekana, muone daktari.