Bipola na ADHD: hisia zitulie kwanza

Pole, ndugu. Umeuliza kama unaweza kuanza methilfenideti, dawa ya ADHD (tatizo la umakini na utulivu), sasa ili umakini urudi, ilhali bipola, ugonjwa wa hisia, bado inakupandisha na kukushusha. Subiri kidogo. Methilfenideti ikitumiwa bila dawa ya kutuliza hisia, kama lithiamu, inaweza kuchochea mania, yaani hisia kupanda kupita kiasi. Ukishatulia, daktari huianzisha kwa dozi ndogo na kuipandisha polepole.

Andika saa za usingizi kila siku. Ukilala kwa muda wa saa 3 au 4 tu, ukaamka una nguvu tele na mawazo yanakimbizana, mpigie daktari siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Damu ya kupima lithiamu hutolewa baada ya kupita muda wa saa 12 tangu dozi ya mwisho; ukimeza kidonge kwanza, kipimo kitadanganya. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, iepuke: inaweza kuipandisha lithiamu hadi kiwango cha sumu.