Kabla Hujaandika "Jina Linasadifu Yaliyomo"

Juzi nimekaa barazani na kazi ishirini na tatu za mwaka wa kwanza, birika la chai ubavuni, mkate wa ajemi umeshapoa. Suali lilikuwa moja tu: jadili jina la riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi. Kazi kumi na tisa zimefungua kwa sentensi ileile: "Jina la kitabu hiki linasadifu yaliyomo ndani." Nikawa nazitenga upande mmoja kama mafungu ya dagaa. Wadogo zangu, wallahi nakupendeni, lakini mtanitoa roho.

Najua mlikoitoa. Skuli jina la kitabu lilikaa mkiani mwa fani, baada ya matumizi ya lugha, zimebaki dakika tano na msimamizi keshaanza kukohoa. Unaandika linasadifu, unachukua alama zako mbili, unatoka. Hapa hakuna za bure.

1. Lisome jina kwa mdomo. Kwa sauti, kabla ya kamusi, kabla ya intaneti, kabla ya kumuuliza kaka wa mwaka wa tatu ambaye naye aliuliza kwa kaka yake. Kwa nini? Hapa mnivumilie kidogo.

Nilikuwa mwaka wa pili. Kitabu chenyewe nilikuwa nacho cha fotokopi, mkono wa nne, jalada hakina, pini zimeshika kutu. Nimekulia kwa babu aliyekuwa akisoma Kiarabu kama sisi tunavyosoma kibandiko cha daladala, na nilikuwa na ule ugonjwa wetu watoto wa mjini: neno lisilofahamika lazima limeshuka kwa jahazi kutoka Arabuni. Nikaitazama Walenisi. Nikaona walii. Nikaona insi, kama tunavyosema insi na jini. Walii wa insi! Kipenzi cha wanadamu! Na hadithi si inakubali? Dzombo, mhusika mkuu, anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo cha angani kiende kummalizia huko juu, naye anajifunza kukiongoza mpaka anatua salama kwenye sayari isiyokuwa na mtu wa kumkalia mwenzake kichwani. Kama si karama hiyo ni nini?

Nikaandika kurasa kumi na mbili. Nikachora jedwali la mizizi. Nikakwama kwenye irabu, maana "ii" ya walii inageukaje "e"? Basi nikazua kanuni ya kifonolojia, usiku wa saa nane, nikaipa na jina. Silitaji jina hilo, nina watoto sasa.

Siku ya semina nimevaa shati jeupe la Idi. Nikazungumza dakika ishirini, panka linazunguka, wenzangu wanaandika. Wanaandika! Maalim wetu aliniacha nikamaliza mpaka shukrani, na huo ndio ukatili wake. Kisha akasema, "Ahsante sana. Nani ataniandikia jina hilo ubaoni, silabi kwa silabi?"

Akanyanyuka dada mmoja wa Wete, mkimya, ambaye siku hiyo hata kitabu hakuja nacho. Akaandika: wa-le-ni-si. Akabaki amesimama, chaki mkononi, midomo inachezacheza kama mtoto anayesoma juzuu. Kisha akageuka, na wala hakuwa na nia mbaya. "Maalim, mbona hii ni wale ni si… wale ni sisi?"

Kimya. Halafu mtu wa nyuma akapaza sauti, "Ya walii!" Darasa likaanguka kwa cheko. Hilo ndilo jina langu tangu siku hiyo. Nimeitwa hivyo msikitini. Nimeitwa hivyo Darajani, na muuza mbatata ambaye hata hatukusoma pamoja.

Ila cheko halikuniuma kama jambo la pili, ambalo lilinifika usiku nimelala. Kiswahili changu mwenyewe kilikuwa kimenisimamia mlangoni: kionyeshi, kishirikishi, kiwakilishi, vitu tulivyofundishwa tukiwa na kaptura. Nami nikakipita, nikaenda kubisha hodi kwa jirani. Na huo hasa ndio mtego aliouweka Katama Mkangi. Anasema "wale", kidole kimenyooshwa kule mbali, angani kabisa, sayari ya wageni. Kabla hujakishusha kidole, "ni si…", kimeshakugeukia wewe. Wala hakulimaliza neno. Ile "si" ya mwisho ameiacha kinywani mwako uimalize mwenyewe. Mimi nilisoma "wale" nikatosheka. Riwaya ilikuwa inanizungumza mimi, na mimi nipo ubaoni nazungumza habari za jahazi.

Sasa mtu akiniandikia "linasadifu", namuuliza: linasadifu nini? Wale kina nani, sisi kina nani? Tumeshakuwa wao, tutakuwa, au tulikuwa tukapotea njia? Hapo pana kurasa kumi na mbili za halali.

2. Lisome jina mara mbili, kabla ya ukurasa wa kwanza na baada ya wa mwisho. Mwanzo Walenisi ni pahala. Mwisho ni sentensi nzima.

3. Alama ni sehemu ya jina. K. W. Wamitila aliandika riwaya za Bina-Adamu! mwaka 2002 na Musaleo! mwaka 2004. Nusu yenu mmeinakili ile ya kwanza bila kistari, na alama ya mshangao mmeipangusa kama mavi ya inzi. Kistari kile kinamrudisha binadamu kwa baba yake Adamu, na Musaleo! ukiipasua unampata Musa, na leo. Mnafuta jina halafu mnalichambua!

4. Kamusi nayo ina siku yake. Mzingile, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1991, utaizunguka tu kama hujui mzingile-mwambiji ni nini. Nendeni mkatazame, sisemi.

5. Maisha ya mwandishi ni chumvi. Mkangi alikuwa mwanasosholojia wa pwani ya Kenya, akatiwa kizuizini mwaka 1986 bila kesi, na Walenisi ikatoka mwaka 1995. Inasaidia kujua kwamba aliyebuni mtu wa kufungiwa ndani ya chombo alifungiwa mwenyewe. Lakini usiniandikie kwamba Dzombo ndiye Mkangi, ukaweka nukta, ukaenda kula urojo.

6. Tafsiri iwe na ukurasa. Hii ndiyo iliyonifanya niandike yote haya. Katika zile kazi nne zisizofungua kwa kusadifu, moja ya kijana wa shamba huko inasema "wale" inatokana na kula. Wao wale, mimi nisile. Nilicheka mpaka chai ikamwagikia karatasi yake, ndiyo maana ina doa, anisamehe. Nikamwita nimsimulie kisa cha walii, nimuokoe mapema. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Sawa Maalim, lakini huko alikofukuzwa Dzombo, kwani hawali wachache na wengine wakatazama?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Jina hilo mdomo wake umelisoma, tena kwa sauti, kama mlivyoambiwa hapo juu kwenye namba moja. Nikamwambia sikupi alama wala sikunyimi, una wiki moja, niletee ukurasa ambapo kula kunabeba maana hiyo, sitaki hisia.

Jana saa tano usiku simu ikalia. Ujumbe wake: "Maalim Walii, nimepata kurasa tatu."

Mimi sikumwambia hilo jina.