Kamemberi imekula sukari yangu: maswali yenu ya chati

Wiki hii munauliza chati tu, zaidi kamemberi (ile chati ya duara yenye vipande), basi twende.

"Yaya, niko na depo Kadutu. Nimeingiza mauzo ya mwezi kwa Excel, nikapiga kamemberi, unga imekula duara yote, sukari haionekane. Na sukari njo inatembea sana!"

Mama, nimeangalia namba zako, duara haina kosa. Sukari umeandika 200, unga 300.000. Kumbe sukari unauzisha kwa dola, unga kwa franka, na Excel haijue mambo ya franka, inaona namba tu, kwa hiyo sukari haikufika hata 0,1%, imebaki msitari sawa unywele. Geuza yote kwa franka kwanza, kwa to moja (bei ya dola moja kwa franka). Tuseme to ni 2.500: dola 200 inakuwa franka 500.000, jumla 800.000, sukari 62,5%, unga 37,5%. Ulikuwa na haki. Na kama to inaruka ruka (tunaijua), geuza mauzo ya kila siku kwa to ya ile siku, usingoje mwisho wa mwezi.

"Niko na bidhaa 14, rangi zimeniishia."

Na macho ya patron pia. 1% ni digrii 3,6 tu, kipande cha 2% na cha 3% nani atavitofautisha? Acha 4 ao 5 vikubwa, vingine vyote weka pamoja. William Playfair, yule Mskoti aliyechapisha kamemberi London mwaka 1801, aligawa utawala wa Waturuki kwa Asia, Ulaya na Afrika, basi. Ukitaka zote 14 zionekane, chora nguzo za kulala, kubwa juu.

"Kamemberi ao pete?"

Ni kitu kimoja, pete imetobolewa tu katikati. Mi napenda ile tundu, unaandika ndani 800.000 FC, patron anaona jumla na migawanyo pamoja.

"Naweza kuweka pete ya Januari ndani, ya Februari inje?"

Excel inakubali, mi nakataa. Ya inje inakuwa ndefu hata kama asilimia ni sawa. Piga nguzo.

"Sambaza (zile samaki ndogo) zimenipatia hasara. Kipande chake kinakaa wapi?"

Hakina pa kukaa, duara haishuke chini ya sifuri. Tena angalisho: ukiingiza −150, Excel inatupa ile alama na kukuchorea kipande kizuri kabisa, na patron atafurahi bure.