“Ongeza mdundo”: ongeza nini hasa?

SWALI: Mimi ni katibu wa kwaya huku Mbagala. Mwalimu wetu husema “mdundo” akimaanisha kasi ya wimbo. Mpiga ngoma wetu akisema “mdundo” anamaanisha jinsi anavyozipanga ngoma zake. Vijana wa studio ya jirani nao wakisema “mdundo” wanamaanisha biti nzima. Nani yuko sahihi? Na je, tuseme melodi, tuni au mahadhi?

JIBU: Mpiga ngoma ndiye aliye sahihi. Jibu lingeweza kuishia hapo, ndugu katibu, lakini umenigusa panaponiwasha siku nyingi, kwa hiyo vumilia.

Mdundo umetokana na dunda. Mpira hudunda, moyo hudunda, ngoma hudunda. Ni neno la kishindo, ukilitamka tu unalisikia likitua chini. Basi mdundo ni ule mpangilio wa vishindo unaojirudia: kizito, chepesi, chepesi, kimya, kisha kizito tena. Ndiyo maana tunasema mdundo wa chakacha, mdundo wa rumba, mdundo wa singeli, na msikilizaji akatambua ngoma ni ipi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kazi hiyo inalitosha neno moja. Lakini siku hizi limebebeshwa kasi, hesabu, nguvu, besi na kazi yote ya studio, mpaka limekuwa kama dalali wa Kariakoo: chochote unachotaka, anacho.

Sentensi inayonikera kuliko zote ni “ongeza mdundo”. Tuichambue kwa utulivu, kadiri utulivu unavyowezekana. Ni mazoezi ya jioni: waimbaji 20, kinanda, gitaa la besi, drams na tumba. Wimbo unalegea. Mwalimu anatoa amri: “Ongezeni mdundo!” Mpiga drams anaelewa “piga kwa nguvu”, basi anazitwanga. Wa besi anaelewa “besi haisikiki”, anainamia amplifaya na kuzungusha kitufe. Wa tumba anaelewa “jaza”. Palipokuwa na vishindo viwili katika kila pigo anaweka vinne. Wa kinanda, aliyekwisha kumzoea mwalimu, ndiye peke yake anayejua kwamba kinachotakiwa ni kasi, naye anaondoka mbio. Ubeti haujafika nusu, kinanda kimetangulia, ngoma zinakifukuza na tumba imeshindwa kupumua. Sauti ya nne imezama ndani ya besi. Sauti ya kwanza inapiga kelele ili ijisikie yenyewe, na kwa kupiga kelele inaanza kuimba juu kidogo ya noti ya kinanda. Hapo mwalimu anasimamisha wimbo na kuwaambia hawasikilizi. Wamesikiliza sana! Kila mmoja ametii maana mojawapo ya neno alilotumia yeye mwenyewe.

Alichokitaka mwalimu kina jina, na jina hilo liko mdomoni mwa kila kondakta na kila dereva: mwendo. Punguza mwendo. Kaza mwendo. Jiji ambalo tangu 2016 linapanda mabasi ya mwendokasi halina udhuru wa kukosa neno la kuita tempo. Mwendo huharakishwa, hupunguzwa au hushikiliwa palepale. Hauongezwi “kishindo”, wala haupigwi. Mwalimu angesema “kazeni mwendo”, wanne wote wangefanya jambo moja. Akitaka nguvu aseme “pigeni kwa nguvu”. Akitaka besi amtaje mpiga besi kwa jina lake.

Mwendo nao hupimwa kwa mapigo. Hapa ndipo ninapokutana na ndugu wa pili wa kosa hilohilo, “midundo 120 kwa dakika”. Nenda hospitali yoyote ukamsikilize nesi. Anashika kifundo cha mkono, anatazama saa, anaandika mapigo ya moyo. Kwa mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Moyo ni kweli unadunda, lakini kinachohesabiwa ni mapigo, na hakuna mgonjwa aliyewahi kushindwa kuelewa. Lugha ilikwisha kutenganisha mambo haya mawili. Wanamuziki ndio tunaoyakoroga. Metronomu, chombo cha kugonga mapigo ambacho Johann Maelzel alikipatia hataza mwaka 1815, inafanya kazi ya nesi huyo. Ukiiweka 60, kila pigo linachukua sekunde moja. Ukiiweka 120, nusu sekunde. Singeli mara nyingi hupita 200, na anayetaka kuihesabu kwa mdomo namtakia pumzi ndefu. Kama hamna metronomu, mtu mmoja agonge mguu sambamba na wimbo, mwingine ahesabu kwa sekunde 15, kisha mzidishe kwa 4. Mkipata 22, mwendo wenu ni mapigo 88 kwa dakika. Uandike juu ya karatasi ya wimbo, maana wiki ijayo kila mtu atakuwa na 88 yake kichwani.

Mkitaka kuthibitisha tofauti, fanyeni jaribio hili. Waimbaji wapige makofi kwa mwendo huo wa 88 bila kuyumba, na mpiga ngoma apige rumba juu ya makofi. Bila kusimama, ahamie chakacha. Makofi ni yaleyale: mdundo umebadilika, mwendo haukubadilika. Sasa abaki kwenye chakacha, makofi yapande polepole hadi 110. Mdundo ni uleule, mwendo ndio uliobadilika. Zoezi hilo likiisha, hata anayebisha kila kikao atakuwa ameelewa.

Wanaodanganyika zaidi ni wapenzi wa dansi. Sebene, ile sehemu ya kucheza ambapo magitaa hutawala, ikiingia utasikia “sasa wimbo umekimbia”. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine miguu ya wachezaji inakanyaga kwa mwendo uleule wa mwanzo. Kilichoongezeka ni noti ambazo gitaa la solo linazimwaga ndani ya kila pigo. Mdundiko, ile ngoma ya msafara, nao hutufundisha upande wa pili: ngoma zinarindima mtaa mzima, lakini msafara wenyewe unatembea bila haraka. Rindimo si kasi.

Pigo lenyewe msiliogope, mnalo tayari. Kama kwaya yenu inasoma karatasi za d r m, yaani solfa aliyoiendeleza John Curwen wa Uingereza kutoka kwa Sarah Glover, mmekuwa mkiyasoma mapigo miaka yote. Mstari wa wima hutangulia pigo lenye mkazo, nukta mbili hutangulia pigo jepesi, kistari huiendeleza noti iliyotangulia. Tazama | d :r | m :– |. Hapo kuna mapigo manne: d moja, r moja, m mawili. Waimbaji wanaokatisha ile m baada ya pigo moja huwa hawajakosa sauti. Wameona kistari wakadhani ni mapambo. Nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, kama d.r, na hapo ndipo kwaya nyingi huanza kukimbia, kwa sababu mtu akiona herufi mbili zimebanana anadhani ameambiwa aharakishe. Hajaambiwa. Nusu mbili za pigo ni pigo moja.

Mafungu ya mapigo yana shida ya jina. Wapo wanaosema “mizani”, lakini washairi walikwisha kulichukua: kwao mshororo wenye vipande viwili vya silabi nane una mizani 16, na ukimwambia mshairi kwamba wimbo wako una mizani tatu atakuonea huruma. Wapo wanaosema “baa”, neno ambalo katibu wa kwaya atapata taabu kulitetea likionekana kwenye kumbukumbu za kikao. Mimi husema fungu: walzi ina mapigo matatu katika kila fungu, muziki wa gwaride una mawili au manne. Kwa chakacha, wasomi huandika sita kwa nane. Mguu hukanyaga mara mbili, na kila mkanyago una vipande vitatu ndani yake. Anayejaribu kukanyaga vyote sita atachoka kabla ya kiitikio.

Swali lako la mwisho halina ugomvi. Mahadhi ni neno letu la siku nyingi; shairi huimbwa kwa mahadhi, na taarabu hailijui jingine. Melodi ikitumiwa darasani, pale noti zinapochambuliwa mojamoja, sina neno. Tuni siipendi, ila sitaamka usiku kwa ajili yake.

Imebaki biti. Nilipigana nayo nikachoka. Studioni biti ni bidhaa: ngoma, besi, kodi za kinanda (noti zinazopigwa kwa pamoja) na vionjo vyote, imepangwa, ina bei, inauzwa kabla mwimbaji hajapatikana. Mdundo ni sehemu moja tu ya bidhaa hiyo, kwa hiyo vijana wa jirani yenu waendelee na biti yao na waturudishie mdundo. Ninachowaomba ni sarufi kidogo. “Prodyuza kanipigia biti” maana yake umetengenezewa kazi. “Prodyuza kanipiga biti”, kwa Kiswahili cha mitaa ya Dar es Salaam, maana yake umetishwa, na huenda ni kwa sababu ile ya kwanza hukuilipia.