Hizo kadi za rangi ziache hukohuko dukani

Dada, usizinunue. Umeuliza kadi zipi ni nzuri za kumfundisha mtoto majina ya rangi, uanze na Kiswahili au Kiingereza, na kama mtoto wa miaka miwili na nusu amechelewa. Mimi nimeona picha uliyoweka tu, moyo ukanipasuka. Ni zilezile!

Wangu alizijua zote. Inua ya ndizi: "Manjano!" Ya tofaa: "Nyekundu!" Tukamrekodi, tukawatumia mashangazi. Halafu tuko sokoni Kongowea, akaona mkungu wa ndizi mbichi, kijani kabisa, akaupigia kelele: "Manjano! Manjano!" Nikamuonyesha ndoo ya manjano pale pembeni, akaniangalia kama nimemuuliza habari za kodi ya nyumba.

Nikarudi kwa mwalimu wa chekechea, ambaye ndiye aliyeniuzia hizo kadi. Wallahi yule mama hakupepesa jicho. Akasema kadi hazina shida, mtoto ndiye haoni rangi, mpeleke hospitali. Na kwa vile upofu wa rangi mwana wa kiume huurithi kwa mamake, mavyaa wangu akapata la kusema mwezi mzima. Nikaanza kupigia wajomba simu kuwauliza soksi zao rangi gani.

Pesa ya kliniki ilikuwa ya friji. Daktari wala hakumuuliza jina la rangi. Alimwaga vibanio vya nguo mezani, akashika chekundu, akamwambia, "Nipe vingine kama hiki." Akavichambua vyote, vya kijani akavisukuma kando. Akanigeukia: "Mama, huyu yuwaona vizuri. Hajui tu manjano ni nini." Watoto hulinganisha rangi mapema, majina hufuata, na wengi hukaa sawa wakikaribia miaka minne. Kwenye kadi kila rangi ina kitu kimoja, sasa mtoto atajuaje kama manjano ni rangi au ni jina la tunda? Hilo mwalimu wa watoto wadogo hakulijua, lakini bei ya kadi aliijua kwa kichwa.

Kwa hiyo shika hili: kitu kimoja, rangi mbili. Vikombe viwili sawasawa, tofauti iwe rangi peke yake. Hata leso, yaani kanga, za Biashara Street hapa Mombasa, mtindo mmoja hupigwa kwa rangi kadhaa, mtandikie mbili. Kisha rangi hiyohiyo umuonyeshe kwenye vitu vingi: kikombe chekundu, shati jekundu, na vidole vyake akishamaliza mabuyu. Na uache kumtahini "hii rangi gani?" kutwa nzima. Mwambie, "Niletee kikombe chekundu." Akileta siyo, mpe sahihi, endeleeni kunywa chai. Rangi ya tatu usiiguse mpaka hizo mbili zikae.

Vikombe vya plastiki bei yake si kitu. Ukikosa, tumia vifuniko, lakini vya mikebe mikubwa. Vya soda atavimeza.