Wadogo zangu mnaofunga hita za bafuni, someni hapa kabla hamjapanda darini

Juni na Julai hapa Tabora asubuhi ni baridi, kila mwenye nyumba anataka hita ya shawa, na ndo kipindi nyie vijana mnapata kazi mfululizo na mnaanza kulipua kazi. Nawapenda sana na wengine mmeanzia kushika bisibisi kwangu, ila kwa hili nakasirika kwelikweli.

1. Kebo. Hita ya wati 5500 kwenye volti 230 inavuta karibu ampia 24, kwa hiyo usiidandie laini ya soketi. Vuta laini yake kutoka DB, yaani boksi la breka, kebo ya mm 6, breka ya 32, swichi ya ampia 45 inayokata laivu na nyutro zote mbili, ikae nje ya bafu. Tuendelee.

2. Ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Kuna mama mmoja mitaa ya Isevya aliniita, fundi njoo, shawa haichemshi tena halafu koki inapiga shoti. Mtoto wake ndo alishika kwanza, akarushwa mpaka ukutani, namshukuru Mungu mkono uliachia. Nikazima meni, nikafungua kifuniko: kebo ya nyaya mbili tu, ethi haipo kabisa, na kwenye teminali ya ethi kuna kipande kifupi cha waya mweusi kimerukishwa kwenye nyutro. Aliyefunga aliona maji yanachemka, akalipwa, akaenda zake. Nikapanda darini, kumbe alikuwa ameungia kwa konekta ndogo ya taa, imeyeyuka na nyutro imechomoka. Sasa fuatilieni hapo: laivu inaingia, inapita kwenye elementi, inafika upande wa nyutro inakuta njia imekatika, inarukia kile kipande cheusi, inaingia kwenye ethi ya hita na maji mpaka koki ya chuma. Maji yakishakuwa ya baridi mtu anafanya nini? Anashika koki arekebishe, mwili umelowa, kasimama peku kwenye simenti! Na breka haikukata, itakataje, umeme unaopita mwilini hapo ni kama robo ampia na yenyewe inasubiri zaidi ya 32. Ya kukata hapo ni RCD ya miliampia 30, ile swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja, na ilikuwepo, nimeiona kwenye DB kwa macho yangu, ila nyaya zimepitishwa pembeni kwa sababu eti ilikuwa inasumbua kukatakata. Jamani, RCD ikikata inakwambia umeme unavuja, tafuta unapovujia. Huyo mtoto yuko darasa la pili, nikimkuta njiani ananisalimia shikamoo fundi, na kila mara nauangalia ule mkono.

3. Kupima. Testa ya bisibisi inakuonyesha laivu tu. Na multimita ikisoma 230 kati ya laivu na ethi usishangilie, inavuta umeme kiduchu mno, hata ethi mbovu itasoma hivyohivyo, na iliyorukishwa kwenye nyutro nayo itasoma vizuri tu. Zima meni, chomoa waya wa ethi, upime kama umefika kutoka hita mpaka DB, halafu rodi, kile chuma cha ethi kinachopigiliwa ardhini, uipime kwa mita ya ethi.

4. Rodi. Udongo wetu mwingi ni mchanga. Ukipigilia Machi mvua bado ipo, kipimo kinatoka kizuri na unaondoka umefurahi, ila Septemba ardhi imekauka na kipimo kimepanda vibaya. Shusha chini zaidi, au ongeza rodi ya pili, isikae karibu na ya kwanza kuliko urefu wa rodi yenyewe. Na msinipigilie kwenye kifusi cha ujenzi, nimeshaing'oa moja kwa mkono mmoja.

5. Kabla ya kuondoka muonyeshe mwenye nyumba kitufe cha T, cha kuijaribu, kwenye RCD, akibonyeze mwenyewe mbele yako.

Na mteja akikwambia fundi mwingine kakubali kutumia kebo ya nyaya mbili, usibishane naye bei, kusanya vifaa vyako uondoke, maji wataendelea kuchemsha kwa mkaa.